Puli yenye Nukta Tatu

KITUO CHA POLISI TARLOW, INDIANA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Delbert Huckaby. Umri: miaka 61. Kazi: fundi wa injini za magari ya mashindano. Makazi: Barabara ya Kinu, Tarlow. Tarehe: 16 Juni 2009, saa nne asubuhi.

Mimi ndiye niliyemsukia Lorna Yoakum, dereva wa mbio, injini zake zote kwa miaka kumi na moja. Mwezi Februari alimpa Corey Stamp kazi ya kuifumua injini ya gari lake jekundu na kuisuka upya. Corey ana miaka ishirini na tisa na kompyuta. Niliona wivu. Andika hivyo hivyo, Sajini. Tangu Februari silali vizuri.

Mnamo Ijumaa tarehe 12 Juni, saa kumi na moja jioni, Lorna alikuja gereji kwangu kuazima kifaa cha kusukumia puli. Puli ninayosema ni ile nzito inayokaa mbele ya krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ili kumeza mtetemo. Nikamuuliza, "Fundi wako msomi hana hata kifaa?" Akacheka. "Del, acha gubu. Unaniazima au niende kwingine?" Nikampa. Siku zote humkaribisha kahawa. Siku hiyo sikumkaribisha.

Jumamosi saa tatu asubuhi tulikusanyika kwake kusikiliza injini ikiwashwa mara ya kwanza, kama kawaida yetu. Tulikuwa watu tisa, na mikate ya soseji. Corey hakuwepo, alikuwa kwenye harusi ya dada yake. Nilichungulia mbele ya injini nikaona nukta tatu nilizozigonga kwa mkono wangu. Ilikuwa puli yangu ya zamani, niliyoifunga mimi kabla Corey hajaifumua injini. Puli ile ina uzito upande mmoja, kwa kuwa krenkshafti ya zamani iliuhitaji ili izunguke sawasawa. Krenkshafti mpya aliyoiweka Corey imesawazishwa yenyewe, haiutaki.

Injini ilipowaka nilisikia mtetemo kwenye nyayo. Wenzangu walidhani ni ngurumo ya kawaida ya injini ya mbio, wakapiga makofi. Lorna akaniuliza, "Unaisikiaje?" Nikajibu, "Muulize aliyeisuka." Alinitazama kidogo, akaizima. Nilifurahi. Nilijua Corey amekosea, na nilitaka aumbuke mbele za watu. Nilidhani gari litatetemeka tu, Lorna ashindwe mbio, arudi kwangu.

Jumapili tarehe 14, saa nane na dakika ishirini mchana, nilikuwa uzioni kwenye uwanja wa mbio. Corey alifika moja kwa moja kutoka harusini, gari likiwa tayari kwenye foleni. Lorna aliondoka vizuri. Kama futi mia sita mbele puli ilipasuka, boneti ikaruka, gari likagonga ukuta. Corey alimfikia kabla yangu, akamtoa huku analia. Mguu wa kulia wa Lorna umevunjika mahali pawili, na madaktari bado hawajasema kama utabaki au utakatwa. Corey ndiye mnayemshikilia tangu jana.

Jana saa kumi jioni nilimwona Lorna hospitalini. Nikamwambia kijana wake ni mzembe, amefunga puli kuukuu. Akasema, "Si Corey, Del. Yeye aliniletea mpya, iko kwenye boksi chini ya benchi. Hiyo nimeifunga mimi Ijumaa, kwa kifaa chako. Nilitaka kitu chako kibaki mle ndani." Kisha akauliza, "Kwani Jumamosi hukuiona?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe: niliiona.

Corey hakujua lolote, mwachieni. Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyanyamazia, na sahihi naiweka kwa hiari yangu.

(Sahihi) D. Huckaby

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayathibitisha. Boksi limepatikana chini ya benchi, halijafunguliwa. Nilimweleza shahidi kwamba neno "nilifurahi" si la lazima na naweza kulifuta. Akasema libaki.
Sajini Ruth Amstutz, saa tano na robo asubuhi.