Wajomba Kwenye Daftari

Alhamisi, 5 Desemba 1974

Sijawahi kumwambia mtu: mdogo wangu Chacha alipong'oka jino akatokwa damu siku tatu, nilichora ukoo wa mama kwenye daftari la baiolojia. Wajomba wawili walifia jandoni, kwa kutokwa damu. Na Chacha angetahiriwa Jumamosi.

Leo hospitalini daktari aliuliza kama kuna ndugu mwingine anayetokwa damu hivyo. Baba akajibu, "Hakuna." Mimi, nisiyesema mbele ya wazee, nikafungua daftari.

Daktari alilitazama kwa muda. "Amerithi kwa mama yake. Damu yake haigandi. Asitahiriwe! Akiumia, mleteni aongezewe damu."

"Wenzake watamcheka."

"Wacheke, mzee. Atakuwa hai."

Njiani Chacha alinitania, "Shikamoo, daktari!" Nilitabasamu mpaka kijijini kwetu Nyanungu.

Nilipofika sikukaa. Nilipeleka daftari kwa mama mdogo, ndugu wa mama, mwenye wavulana watatu wasiotahiriwa bado.