Amina ya Mwisho

Alhamisi, 4 Septemba

Tumemaliza Ufunuo ishirini. Zimebaki sura mbili. Mbili tu!

Nijiandikie vizuri, maana nikizeeka nitasema nilitunga. Mama mkwe wangu alipofiwa na mumewe alianza kusoma Biblia kwa sauti sebuleni, sura moja kila Alhamisi, na akapatana na Mungu: asimchukue kabla hajaisema Amina ya mwisho ya kitabu kizima. Mimi niliolewa wakiwa Walawi. Fikiria — bibi arusi, mikono ina hina, nasomewa habari za majipu na ukoma. Mtoto wa kwanza nilimzaa tukiwa Yoshua. Wa pili, Wafalme. Sasa wote wamenizidi kimo na tuko Ufunuo.

Tunakaa duara, kila mtu mstari wake. Mama anaanza. Halafu Mwalimu, jirani yetu mstaafu aliyefundisha hesabu na hajaacha kusahihisha watu. Halafu mume wangu. Halafu wifi. Mimi wa mwisho, karibu na mlango wa jikoni, pembeni ya cherehani tunayoshonea wateja, kiti cha mke wa mwana.

Leo tulipofunga kitabu Mama akasema, haya, mbili. Kwa furaha! Kisha akanikabidhi gauni jeupe alilojishonea mwenyewe. Limebaki pindo. Akataka lifike kwenye vifundo vya miguu, hataki watu wakija kumuaga wamtazame miguu.

Nimelitundika nyuma ya mlango. Sitaki hata kulitazama.

Jumamosi, 6 Septemba

Kikao cha siri jikoni. Mume wangu, wifi na mimi. Daktari amesema uvimbe ulioko tumboni mwa Mama unatolewa, wala si jambo la ajabu, ila tusikae nao. Mama amejibu kwamba yeye yuko ukurasa wa mwisho, anafanyiwa matengenezo ya nini? Na kwamba hawezi kulala wodini huku kitabu kikimngoja. Yaani kabla ya kumaliza haendi. Akishamaliza, haendi vilevile. Nimezunguka hiyo hoja kama kuku aliyefungwa mguu.

Wifi akasema tuombe. Mume wangu akasema Mama ana haki yake, halafu akakohoa. Huyu mwanamume akiogopa hukohoa. Nikamuuliza, wewe mwenyewe unataka afe? Akatoka kwenda kuangalia gari. Gari halina tatizo lolote.

Basi nimebaki na akili zangu. Na kuna sheria moja aliyoitunga Mama mwenyewe: msomaji akikosea mara tatu kwenye mstari mmoja, sura nzima inarudiwa Alhamisi inayofuata. Neno la Mungu si la kurukaruka, anasema. Mara ya mwisho alidakwa mume wangu kwenye majina ya Mambo ya Nyakati, akatukwamisha wiki tatu.

Nimehesabu mistari. Sura ya ishirini na moja, mstari wa ishirini, ni wangu. Ni ule wa mawe ya thamani. Sardoniki. Krisolitho. Krisopraso!

Mungu hakuyaweka hapo bure.

Alhamisi, 11 Septemba

Sardokini. Krisopolisi. Na la tatu silikumbuki, nadhani nilitaja dawa ya kikohozi.

Mwalimu alikunja vidole vitatu, kimoja kimoja, kwa uchungu kama anayenifelisha mtihani. Mama akafunga kitabu. "Tutarudia," akasema. Nikajishika kichwa kwa aibu. Niliigiza vizuri mno, hata wifi akanipa pole.

Wiki moja mfukoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Tena. Safari hii nilifika amethisto kabla ya kuanguka, ili isionekane kama mazoea. Nilikohoa, nikarudi, nikapotea kabisa. Mume wangu alinikazia macho. Nadhani amenigundua, lakini alitazama dari na kunyamaza. Kwa mara ya kwanza nimeufurahia ukimya wake.

Mama alisema nimezeeka macho, ninunue miwani.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemkuta Mama kwenye cherehani. Hakuwa anashona. Alikuwa ameinamia meza, ameikamata kwa mikono miwili, na mguu uko juu ya kanyagio haukanyagi. Jasho. Nikamshika bega, akasema ni gesi tu.

Gesi gani? Mjinga mimi! Najisifu nimempa wiki mbili, kumbe wiki hizo nimeupa uvimbe. Ninamchezea Mungu mchezo wa mawe ya thamani na kitu kinakua humo ndani kinacheka. Nimelia kwenye pipa la vitambaa, vikayanyonya machozi yote. Napenda huyu mwanamke. Haya, nimeandika. Alinifundisha kushona, alinifundisha kujibu watu, alikuja kukaa nami hospitali nilipozaa huku mwanawe akikohoa nje. Sitaki aondoke. Sina sababu nyingine ya kitheolojia.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwalimu amekuja kuongezewa kiuno cha suruali. Nikiwa nampima akasema, bila kunitazama, kwamba wanafunzi wake waliokuwa wakikosea makusudi walikuwa wanakosea vizuri kuliko mimi.

Nikamchoma pini. Bahati mbaya kabisa.

Akacheka. Akaniuliza kama naikumbuka ile Zaburi ndefu, ya mia na kumi na tisa. Nitaisahauje! Kila sura Alhamisi moja, lakini ile Mama aliamuru tuisome kipande kwa kipande, tukakaa nayo miezi. Nilidhani ni kwa sababu ya heshima. Mwalimu anasema alimuuliza Mama siku hizo kwa nini tunatambaa hivyo, Mama akamnong'oneza kwamba hana haraka yoyote ya kwenda kumpikia tena marehemu.

Hana haraka! Kumbe yule mama anajua kukanyaga breki. Basi kilichompata sasa si imani, ni woga. Anaogopa kisu, na amejificha nyuma ya Ufunuo.

Jumanne, 23 Septemba

Nimelishusha gauni jeupe. Nimeliweka mezani. Nimepima mpaka kifundoni, kama nilivyoagizwa, nikachora chaki. Halafu nikachora chaki nyingine, chini kidogo ya goti. Nikaitazama.

Nikakata ya pili.

Fundi akishakata amekata. Nimelikunja pindo, nimelipiga pasi, nimelifunga kwenye karatasi kwa uzi. Sasa ni gauni la kwendea sokoni. Tuone nani atazikwa na magoti nje.

Akikasirika nitahamia kwa mama yangu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimeyasoma mawe yote. Sardoniki, akiki, krisolitho, yote mpaka amethisto, bila kuteleza, kama mtu aliyezaliwa kwenye duka la sonara. Mama akanitazama juu ya miwani. "Kumbe unajua," akasema. Basi.

Lakini kuna kingine. Mstari wa sita ulikuwa wake. Ndipo aliyeketi kwenye kiti cha enzi anatangaza kwamba imekwisha kuwa. Mama aliusoma polepole, akavuta pumzi, kama amefika kituoni ana mizigo yake. Ikabidi Mwalimu aendelee na wa saba. Ukaja wa nane, wa tisa. Malaika akatoa mwanzi, akaanza kupima kuta na malango! Nilikuwa nafuatisha kidole nikitaka kucheka. Imeshatangazwa kwamba imekwisha, na watu ndio kwanza wanachukua vipimo. Hiyo kazi naijua. Ukichukua vipimo, mteja anategemewa kurudi.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemwambia. Tulikuwa tunachambua mchele, yeye kwenye ungo, mimi kwenye sinia. Nikamwambia, Mama, Yesu msalabani alisema imekwisha. Akasema ndiyo. Nikamwambia, lakini Yohana hakuishia hapo. Sura mbili mbele yuko ufukweni amewasha makaa, anawachomea wenzake samaki, anawaita wale. Aliyesema imekwisha ndiye anayegeuza samaki!

Mama akaendelea kuchambua. "Alikuwa amemaliza kazi," akasema. "Hakusema amemaliza kula."

"Na wewe je?"

"Mimi si mwana wa Mungu. Mimi nina uvimbe."

"Yeye alitobolewa ubavu, Mama. Wewe utapigwa sindano ya ganzi."

Akaniita shetani wa kike. Akanirushia punje za mchele, kisha akaniagiza niziokote. Nilipokuwa nimeinama chini ya meza, hatuonani, ndipo akasema. Kwamba dada yake aliingia chumba cha upasuaji akitembea, akatoka amefunikwa. Kwamba tangu siku hiyo harufu tu ya hospitali inamlegeza magoti. Kwamba ukimaliza kitabu unakufa umekamilika, lakini ukifa mezani unakufa umekatizwa, na yeye hataki kukatizwa.

Nilikaa chini ya meza muda mrefu kuliko punje zilivyohitaji.

Alhamisi, 2 Oktoba

Lazima niandike upesi, wako sebuleni, chai inachemka.

Ufunuo ishirini na mbili. Watu wote wamevaa vizuri. Mwalimu amefunga tai. Mume wangu amesoma onyo la kuongeza maneno, wifi akasoma lile la kuondoa. Wa ishirini ukawa wangu. Anasema anakuja upesi. Nikausoma bila kosa hata moja, machozi yakidondoka juu ya meza ya cherehani.

Ukabaki wa ishirini na moja. Wa Mama. Mstari mfupi, neema kwa wote, na Amina.

Mama akasema ngojeni. Akaomba gauni lake. Nikampa kifurushi. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikakimbilia jikoni. Ndipo nilipo.

Napanga vikombe.

Navipanga upya.

"NANI KAKATA GAUNI LANGU?"

Baadaye. Haya, niendelee, chai imenywewa.

Alitoka amelivaa. Magoti mawili, meusi, ya heshima, ambayo sijawahi kuyaona tangu niolewe. Wifi akafumba macho. Mume wangu akakohoa mpaka akapigwa mgongo. Mama akasimama mbele ya kioo cha kabati, akageuka upande huu, akageuka ule. Nikasubiri kofi.

"Siwezi kulala na hili kwenye sanduku," akasema. "Ntaonekana nimekufa nikienda dansi."

Akacheka! Alicheka akishika tumbo, kicheko kikakutana na maumivu katikati, akakaa. Alipopata pumzi akachukua Biblia, akaweka kidole kwenye mstari wake, akautazama. Kisha akavuta ule utepe mwekundu, akaulaza juu ya mstari, akakifunga kitabu.

Akasema yeye na Mungu walipatana mpaka Amina ya mwisho, si kabla. Na Amina hajaisema. Kwa hiyo huyo daktari aje na kisu chake sasa, upesi, maana mwenye kitabu hawezi kumchukua na mstari umebaki. Akipona atausoma mwenyewe akirudi.

Nilitaka kumbusu magoti yote mawili.

Mwalimu akapinga, ni lazima. Akasema kuacha mstari si ndiko kuondoa maneno ya kitabu? Haogopi kuondolewa sehemu yake kwenye ule mti wa uzima?

"Sijauondoa," Mama akasema. "Upo palepale, nimeulalia utepe. Na yeye mwenyewe si alisema naja upesi? Tumemngoja miaka yote hii kwa adabu. Basi nami naja upesi, upesi huohuo wake."

Mwalimu akalegeza tai.

Jumatano, 8 Oktoba

Hospitali. Benchi la korido, chini ya saa iliyosimama. Naandika magotini, na chini ya shajara iko Biblia ya Mama yenye utepe. Amenikabidhi mimi, si wanawe. Nisiifungue, nisimruhusu mtu aifungue.

Aliondoka amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa joho lao la kijani. Linaishia magotini. Akanivuta sikio, akasema kumbe nilishajua mtindo wa huku. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Alikuwa anaogopa, niliona, na bado alinitania ili mimi nisiogope. Muuguzi mwenye imani akataka kumwombea kabla ya mlango, akaomba vizuri sana, alipokaribia mwisho Mama akamkazia jicho na mume wangu akamkoholea usoni. Muuguzi akaishia na "basi, Bwana." Mama aliapia Amina ya mwisho wa kitabu, siyo Amina ya kila mtu. Najua. Lakini leo ni nani anataka kubahatisha?

Wamekaa mno. Daktari alituambia atamaliza kabla ya chakula cha mchana, na harufu ya chakula imeshapita na sahani zimesharudishwa. Mume wangu amekwenda kuangalia gari. Mwalimu anahesabu vigae, amekosea mara mbili, hajajisahihisha.

Namuwaza dada yake Mama. Sitaki kumuwaza.

Nimeugusa utepe. Sijafungua. Nimehakikisha tu upo.

Wifi ameinuka, ameanza kuomba kwa sauti, mikono juu. Watu wa mabenchi mengine wamefumba macho pamoja naye.

Mlango umefunguka. Ni daktari. Anavua kofia yake, anatutafuta kwa macho, na uso wake siusomi, ni uso wa mtu aliyechoka tu. Wifi hajamwona. Ameshafika "kwa jina la Yesu," anavuta pumzi ya kumalizia — nimemziba mdomo kwa kiganja, kalamu iko mkono huu mwingine, na siondoi