Mlango Utazame Wapi

Mjukuu wangu Achieng',

Huku ziwani tuko wazima. Mama yako anakusalimia sana, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Kericho bado kunanyesha kila alasiri?

Unaniuliza ununue ploti kijiji gani kati ya hivi viwili vya ufuoni. Mtoto wangu, hata mimi kichwa kinazunguka. Katika ile miaka thelathini niliyochuma chai huko na babu yako, siku moja tuliomba ruhusa tukaja kuviangalia. Katika kijiji cha kwanza, milango yote ilitazama maji. Katika cha pili, nyumba zote zililigeuzia ziwa mgongo. Nikauliza kwa nini. Mama mmoja aliyekuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, akacheka.

"Maji tunayasikia hata tukilala. Mlango ni wa kuona nani anakuja."

Babu yako akasema hao hawana akili. Tukajenga katika kijiji cha kwanza, na ni pazuri, sitakudanganya. Yeye alitazama maji mpaka akazeeka. Lakini mimi, sijui hunipata nini: kila jioni nabeba kiti changu nazunguka nyuma ya nyumba, kule inakoingia njia ya kutoka Kericho.

Basi nunua utakapopenda. Ila siku ukija, usibishe mlangoni. Utanikuta nyuma.

Nyanya yako