Mkutano wa Mfereji Bila Wewe

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema nimeharibika mapema mno.

Mpunga wako tuliuvuna. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Kibanda changu cha kutengenezea redio bado kinavuja palepale. Na kile kiti chako cha safu ya mbele kwenye mikutano ya mfereji amekikalia mtu mwingine, tena amekaa bila wasiwasi wowote.

Nakuandikia kwa sababu ya zamu ya maji. Tangu tulipokupandisha mlimani kukuzika, kamati imetaka sisi wa mwisho wa mfereji tupate maji kila baada ya siku kumi na nne, badala ya saba. Hoja aliileta Mzee Kaniki, yule mwenye majaruba ya mpunga jirani na banio, pale maji yanapoingilia mferejini, kwa ile sauti yake ya kuombea chakula. Unajua siku kumi na nne zinafanya nini kwa mpunga uliopandikizwa juzi, kwa jua la huku bondeni. Ingepita, ningekuwa na eneo zuri la kuanikia.

Ulipokuwepo, kazi tuligawana. Mimi nilikaa nyuma yako nikanong'ona, wewe ukasimama ukasema. Nani amefungulia maji siku isiyo yake, nani ameongeza jaruba kimyakimya: macho yangu, mdomo wako. Watu wakakusifu kwa kumbukumbu, mimi nikachekea tumboni. Nilijiona mjanja.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisema. Ule mkutano wako wa mwisho, uliponiambia, "Leo sema wewe, mimi pumzi haitoshi," nikakujibu koo linaniuma. Koo lilikuwa zima, Shangazi. Ukasimama mwenyewe, umeshika mgongo wa kiti chako kwa mikono miwili, ukapumzika kila baada ya maneno matatu. Watu walidhani ni mbwembwe zako. Mimi nilijua. Wiki tatu baadaye tulikuwa njiani kwenda mlimani na wewe.

Basi.

Mkutano wa kwanza baada yako nilijilazimisha kusimama. Nikaanza na itifaki, kama ninavyosikia redioni. Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati, mheshimiwa mtendaji wa kijiji. Nikamruka bwana umwagiliaji, aliyekaa pembeni. Akakohoa. Nikaona nikimtaja mwishoni itakuwa dharau, nikaanza upya toka kwa mwenyekiti. Mara hii nikamsahau shehe. Nilipofika kwa mchungaji, mwenyekiti akatazama saa, akanishukuru kwa salamu zangu nzuri, akamwita msemaji mwingine.

Mtu wa nyuma akasema, wala hakujisumbua kunong'ona, "Shangazi yake alikuwa anasema. Huyu anasalimia."

Walicheka hadi mtendaji. Pona yetu ilikuwa kwamba wengi walitaka kuwahi mashambani, hoja ikasogezwa mpaka baada ya mavuno. Nikapewa muda, na muda wenyewe ulikuwa na ndege.

Maana mpunga wako ulishaanza kuiva, na kweleakwelea walifika kabla yetu. Ikabidi niende kuwaamia. Kuamia ndege kuna raha yake: mtu akikukuta unapiga kelele peke yako katikati ya shamba, hakuulizi kitu. Nikawa napiga debe, kisha nahutubia. "Ndugu wajumbe!" Wote wanaruka kwa pamoja. Sijawahi kupata watu wanaonielewa haraka namna ile.

Nilimsahau Mama Sefu, jirani yako wa tuta la pili, ambaye naye alikuwa akiamia upande wake na masikio yake hayana kutu. Siku ya tatu akaniambia kutoka ng'ambo, "Hilo ulishalisema jana." Nikaona aibu, nikanyamaza. Akanidai niendelee, eti asubuhi ni ndefu. Akawa kila siku ananisahihisha: hapa umezunguka, hapa sijaelewa, hapa umejisifu. Siku moja akasimama kabisa, mkono kiunoni. "Mbona unatukaripia? Sisi ni watu, hatuli mpunga wako."

Nikashusha sauti. Ndipo likanijia lile neno lako la kila mara tukitoka mkutanoni: "Mimi huwa nachagua mtu mmoja, naongea naye. Wengine watasikiliza wenyewe, watu wanapenda umbea." Miaka yote nililisikia kama mzaha. Nikaanza kumsemesha Mama Sefu peke yake, kama anayeomba chumvi. Ndege waliniibia siku zile, lakini sentensi zangu zilianza kufika mwisho.

Mkutano wa pili ulikuwa Jumatatu iliyopita, ndani ya darasa la shule. Miche iko kitaluni, imeshafika kimo cha kupandikizwa. Mwenyekiti akasema leo hoja inaamuliwa kwa mikono. Nikasimama. Watu wa mbele wakawa wanaitazama karatasi yangu badala yangu, nikaitia mfukoni. Itifaki yote nikaimaliza kwa neno moja: "Shikamooni." Kisha nikamtafuta mtu wangu mmoja. Nikamchagua Mzee Kaniki.

Nikamuuliza, kwa adabu, akifungua maji alfajiri majaruba yake hujaa saa ngapi. Akajibu kwa fahari kwamba saa nne yameshajaa. Nikamuuliza hufunga saa ngapi. Akaigeuza kofia yake mkononi, akaigeuza tena.

"Jioni," akasema.

Mwenyekiti akaniuliza kama namtuhumu mzee. Nikasema hapana, nauliza tu maji yanakwenda wapi kuanzia saa nne hadi jioni. Mjumbe mmoja akajibu yanazama ardhini, yaende wapi tena. Wakaanza kutikisa vichwa kukubaliana naye. Nilikuwa nimefika mwisho wa nilichojua, na mikono ilikuwa inakaribia kunyooshwa.

Ndipo Mama Sefu akanong'ona nyuma ya sikio langu. Maneno machache tu. Nikajua papo hapo kwamba yametosha. Nikafungua mdomo niyaseme, na nakiri, nilishaanza kuona nitakavyosifiwa. Halafu nikaufunga. Nikasema, "Mama Sefu ana jambo," nikakaa kabla hajanikana.

Alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kisha akasimama, kitenge kakishika ngumini.

"Mtaro wa barabarani, ule wa nyuma ya majaruba yake, una kambale," akasema. "Watoto wanawavua kila siku. Sisi wa chini hatuna hata chura."

Mzee Kaniki ndiye aliyecheka wa kwanza, akashindwa kujizuia. Baada yake darasa zima. Kicheko kilipoisha hakuna aliyetaka kusema tena kwamba maji yanazama ardhini. Mikono ikahesabiwa mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza mwenyekiti hakuridhika. Zamu imebaki siku saba, kwa tofauti ndogo sana, hadi njia ya maji kumwagikia mtaroni izibwe na kamati ikague tena. Hatujashinda. Tumepewa msimu mmoja.

Tulipotoka, Mama Sefu alinitukana njia nzima kwa kumsimamisha bila taarifa. Nikafikiria miaka niliyokaa nyuma yako nikikulaumu moyoni kwamba unachukua maneno yangu. Hukuyachukua. Mimi ndiye niliyekutuma.

Alhamisi saa tano asubuhi maji yaliingia kwenye jaruba lako la mwisho. Nilisimama juu ya tuta, nina ya kusema tele na sauti yangu imetulia, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ndiyo maana nimetafuta karatasi.

Kamati inachaguliwa upya mwisho wa msimu. Nakuahidi nitasimama nimpendekeze Mama Sefu, jina lake kamili, mbele ya Mzee Kaniki na wote. Akinikatalia hadharani, nitabaki nimesimama na kulitaja tena.

Lala salama, Shangazi. Nisamehe lile koo.

Mimi, mtoto wa kaka yako.