Tulivyoijaribu Mashine ya Aika

Jumatatu, 4 Juni 1984

Ulimi umekufa ganzi. Kahawa za Kirua Vunjo asubuhi, za Rombo mchana. Mwonja kahawa hanywi: kuvuta, kusukutua, kutema. Nalipwa mshahara kwa kutema. Mke wangu anasema nimepata kazi ya kipaji changu. Anatania. Natumaini.

Nimerudi Shirimatunda nikakuta kiti changu kimehamishiwa ukutani. Juu ya kabati la vyombo, televisheni. Si yetu, tutaipatia wapi? Ya Sardar, jirani mwenye gereji, yenye antena ya kunasa picha za Kenya mvua isiponyesha. Mbele yake sanduku la mbao, nyaya mbili, na kila waya una kifundo cha kuzungusha kama cha redio. Kazi ya Aika, binti yangu. Amelitengeneza kwa kidude alichokitoa kwenye mashine mbovu ya mchezo iliyoachwa na majirani waliohamia Kanada.

Kioo cheusi. Fimbo mbili nyeupe, moja kushoto, moja kulia. Kitone cheupe kinakwenda na kurudi, ndio mpira. Unazungusha kifundo, fimbo yako inapanda au inashuka, unauzuia mpira usipite. Ukipita, mashine inalia "pii" na mwenzako anapata bao. Basi. Ndio mchezo wa nyumbani huo. Aika anataka kuwa anazitengeneza na kuziuza hapa hapa Moshi.

Tarehe 29 kamati ya mabanda ya viwanda vidogo inakuja kuiona. Wakiipenda, anapewa chumba cha kufanyia kazi, chenye meza na umeme. Wasipoipenda, kuna kazi ya karakana ya simu Tabora inamsubiri mwanzo wa Julai. Tabora! Mtu akienda Tabora anarudi na mume wa Tabora.

Ameniambia, "Baba, usinisifu. Niambie kinachokusumbua."

Nimecheza. Sikuelewa kitu. Mara mbili nimeizima nikidhani nazungusha kifundo. Nikasema, "Nzuri sana, mwanangu."

Jumatano, 6 Juni

Mvua nyembamba. Mlima hauonekani, kama kwamba haujawahi kuwepo.

Aika amempa kila mtu agizo: jaribuni, mseme kibaya. Mama yake akasema kizuri. Mimi nikasema kizuri tena, kwa sauti kubwa zaidi. Shemeji yangu aliyekuja kuomba chumvi akasema kizuri kabla hakijawashwa.

Najiuliza kwa nini sisemi. Jibu ninalo. Sitaki aende Tabora. Nadhani nikiisifu sana itakuwa nzuri. Mtu mzima mimi, nina kipara.

Jumapili, 10 Juni

Baada ya ibada nimemfuata baba yangu kule juu. Ameshuka na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, na fimbo yake ya kutembelea. Watoto wote wanamwita Babu, na siku hizi hata mimi naanza kujisahau.

Kawekwa mbele ya televisheni. Kapewa kifundo. Akanifunga mabao hayahesabiki. Akamfunga shemeji. Akamfunga Aika mwenyewe. Kila "pii" anagonga sakafu kwa fimbo. "Nani mwingine? Leteni mwingine!"

Mama Aika alikaribishwa akakimbilia jikoni. Mkwe hakai bega kwa bega na baba mkwe wake.

Aika uso ulimng'aa. "Kama Babu anaiweza, kamati yote inaiweza." Anasema hatabadilisha kitu.

Usingizi hauji. Mimi nilimwachia Babu. Kila mpira niliutolea fimbo kando, kwa adabu. Shemeji naye nilimwona akiachia. Na Aika? Huyo binti nimemlea mwenyewe. Hawezi kumfunga babu yake hata kwa kulipwa. Sidhani hata anajua kwamba aliachia. Mkono tu ulifanya ulivyofunzwa.

Jumatano, 13 Juni

Babu hajarudi kwake. Anasema miguu. Miguu gani? Anacheza asubuhi, anacheza jioni, anashinda daima. Anawasimulia wapita njia.

Nilitaka kumwambia Aika leo. Nilifika mpaka mlangoni. Alikuwa anapaka sanduku vanishi huku akiimba. Nikamwuliza kama chai ipo.

Jumamosi, 16 Juni

Leo imepasuka.

Sardar alipita kuangalia televisheni yake kama bado ni nzima. Yeye na Babu ni wa umri mmoja, wanataniana tangu enzi za mkoloni. Babu akamwita. "Kaa hapo, Sardar, nikufundishe." Sardar akavuta kiti, akauliza kifundo kinafanya nini, akaambiwa, akaanza.

Pii. Pii. Pii. Babu hakuzuia hata mmoja. Alikuwa anazungusha kifundo mfululizo kama anayesaga nyama, fimbo yake inapanda na kushuka kama imechanganyikiwa. Sardar anacheka mpaka machozi.

"Mzee, mbona unanipa zawadi?"

"Wewe unaniharibia! Acha kuigusa fimbo yangu!"

"Ya kwako ile kulia."

"Na ile ya kushoto?"

"Yangu."

Babu akanigeukia mimi, si Sardar. "Tangu lini? Mimi nilijua zote mbili ni zangu. Nyie mnanishikia waya tu."

 Sardar akaacha kucheka.

Siku zote hizo mzee hajui fimbo yake ni ipi. Hakuuliza, maana alikuwa anashinda. Nasi hatukugundua, maana tulikuwa tunashindwa kwa bidii.

Aika alitutazama mmoja mmoja. "Mliniachia nijidanganye." Akazima mashine, akatoka. Hakupiga mlango. Afadhali angepiga.

Jumapili, 17 Juni

Aika hakuja kanisani. Hajanisalimia. Kwetu mtoto kutomwamkia baba ni jambo. Nikajisikia kumkaripia, halafu nikakumbuka nani ana kosa.

Nimezunguka shamba la nyuma bila jembe. Mke wangu kaniuliza natafuta nini. Sijui.

Babu amenuna pia. Anadai kudanganywa na ukoo mzima. Lakini hajaondoka.

Jumatatu, 18 Juni

Kazini nimetema kahawa ya mtu na kuandika "mbaya". Kwa raha kabisa. Sijui ni ya nani. Vikombe vinapangwa mezani, alama imegeuzwa chini, hujui kama ni ya mwenyekiti wa kijiji au ya mjane. Ukijua ya nani, ulimi unaanza heshima. Ndiyo maana tunafichwa.

Nilisimama na kijiko mkononi. Mwenzangu akaniuliza kama nimeungua.

Jioni nilimwendea Aika. Nikamwambia kweli yote. Kwamba niliachia. Kwamba mashine yake ilinichanganya tangu siku ya kwanza na niliizima mara mbili. Kwamba niliogopa Tabora. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye chuma cha moto anacholehemia nyaya. Nikamwambia tuijaribu kama kahawa.

Akainua macho. "Yaani tufiche wachezaji?"

"Tufiche."

"Shikamoo, Baba," akasema. Siku mbili za deni. Nikaipokea.

Jumatano, 20 Juni

Tumefunga kamba kutoka kwenye televisheni mpaka ukutani, tukatundika kanga mbili za mke wangu. Kiti huku, kiti kule. Wote mnaona kioo, hamuonani. Mmoja anaingia mlango wa mbele, mwingine wa jikoni. Hakuna kusema. Hakuna kukohoa, maana kikohozi cha Babu kinajulikana mpaka Tarakea. Napanga mimi nani aingie na nani.

Sijawahi kuona watu wangu hivi. Ngumi kwenye goti. Meno. Shemeji mpole akitukana kimyakimya. Na vibaya vikaanza kutoka vyenyewe, hakuna aliyelazimishwa. Waya mfupi, mtu mrefu anakaa kama anayechuma maharage. Kifundo kigumu mwanzoni kisha kinateleza ghafla. Mpira unaanza kabla hujakaa. Kitufe cha kuzimia kiko jirani na mkono, nikaona si mimi peke yangu mjinga, mwenzangu mmoja kaizima mara tatu. Ile "pii" inalia kwa aliyefungwa kama inamcheka. Mzee haipendi, na kwa kweli hata kijana. Na juu ya yote, fimbo mbili za kufanana kama mapacha.

Aika anasikiliza nyuma ya mlango, anaandika mkononi kwa kalamu. Mpaka kwenye kiwiko.

Mimi nimefungwa na kila mtu. Kila mtu. Sasa najua ule upole wangu wote mbele ya Babu haukuwa na kazi. Angenifunga vilevile.

Alhamisi, 21 Juni

Babu leo alikutana na mtu mkali upande wa pili. Alipigwa, akapigana, akapata mabao mawili ya jasho lake. Akatoka anahema, amefurahi kuliko wiki yote ya ushindi. "Nani yule? Niambie nani yule!"

Alikuwa Mama Aika. Mkwe wake, ambaye hata sahani humpa kwa mikono miwili na macho chini. Alikuwa amekunja kitenge magotini kama anayevuka mto.

Sikusema. Nitakufa nayo.

Jumanne, 26 Juni

Umeme umekatika mara nne. Aika anafanya kazi ukiwepo, anazunguka uani usipokuwepo. Mimi namfuata kwa macho. Siwezi kusoma, siwezi kukaa.

Amerefusha nyaya. Amehamishia kitufe cha kuzimia nyuma ya sanduku. Ameweka kingine cha kuanzia: mpira unasubiri mpaka ukibonyeze. Sauti imekuwa "tok", kama tone la maji. Vifundo amevivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, haviponyoki tena. Na kwenye kioo amebandika karatasi za nailoni, nyekundu kushoto, kijani kulia, na kila kifundo amekipaka rangi ya upande wake.

Babu kaangalia. "Mimi ni kijani." Basi. Hakuna aliyemwambia.

Nimecheza. Nikamwambia kweli: kifundo cha kijani bado kigumu kidogo. Akakifungua papo hapo. Nimejisikia mrefu.

Ijumaa, 29 Juni

Kamati ilikuja saa nne. Wazee watatu na koti moja zuri. Niliomba ruhusa kazini nikasimama karibu na dirisha kama mwizi wa kuku.

Mwenyekiti alikaa, akatazama, akashika kifundo chekundu bila kuuliza. Nilitaka kupiga makofi. Aika akashika kijani. Akamfunga. Tok. Akamfunga tena. Wale wawili walimtazama binti kama amemwagia mgeni mbege. Mwenyekiti akavua koti. Akarudisha bao. Akacheka kicheko cha tumboni. Walicheza mpaka chai ikapoa.

Kisha akakiweka chini kifundo, taratibu.

"Binti, mashine ni nzuri. Hata mimi nimeielewa, na mimi redio huwashiwa na wajukuu. Sasa niambie. Hii televisheni ya nani?"

"Ya jirani, Mzee."

"Na wewe utamuuzia nani? Mjini hapa wenye televisheni nawajua kwa majina, na kuziingiza nchini serikali hairuhusu. Nikupe chumba, ukauze sanduku la kuchomeka wapi?"

 Wiki nne tumejaribu waya, kifundo, sauti, rangi. Ukoo mzima, pamoja na mtaalamu wa kuonja. Hakuna aliyeona ng'ombe aliyelala sebuleni.

Mwenyekiti hakuwa mbaya. Alimwambia atengeneze kitu kisichohitaji televisheni, arudi, mlango uko wazi. Aika alishukuru, sauti yake haikutetemeka. Ya kwangu ingetetemeka.

Sardar alikuja jioni kuchukua televisheni. Alisaidiwa na Aika.  Sardar alisema tu, "Umenifanya nicheke, binti. Siku nyingi."

Jumamosi, 30 Juni

Aika anapanga nguo za Tabora. Mama yake anazipanga upya. Babu amerudi kwake juu asubuhi. Alimwekea Aika mkono kichwani muda mrefu, akamtemea mate ya baraka kifuani.

Nimepiga msumari kwenye mlango usiohitaji msumari.

Jumapili, 1 Julai

Stendi, alfajiri. Baridi. Mlima ulikuwa wazi wote, mweupe, hauna haya.

Mizigo imeshapanda juu ya basi, Aika akanigeukia.

"Baba. Niende?"

Ameniuliza kweli, si kwa desturi. Ningemwambia baki, angebaki. Nililiona hilo.

Nikamwambia nataka abaki. Nikamwambia aende. Nikamwambia yote mawili ni kweli na asichague moja kunifurahisha.

Alinitazama, akapanda.

Jumatatu, 2 Julai

Kahawa za Vunjo. Nzuri mbili, moja ina harufu ya gunia. Nimeandika hivyo.

Jioni Mama Aika amepika mtori wa ndizi na nyama katika sufuria ile kubwa. Alipofunua ndipo akaona amepika wa watu watatu.  Nimeleta bakuli, tumekula polepole, na uliobaki amempelekea Sardar.