Nyumba Isiyotia Chumvi

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na cherehani haikusumbui. Mimi mzima.

Keti kwanza. Nimeacha kazi ya bima. Hakuna aliyenifukuza, nilikabidhi funguo za kabati, nikaaga. Nimeingia chuo cha upishi. Pale ofisini watu walikuwa wakinieleza ajali zao huku akili yangu iko kwenye kitunguu. Najua ulitaka nifanye kazi ya kukaa kitini, nisichoke kama wewe. Nisamehe, na uniombee.

Mwanao,
Kijiko

20 Machi

Kijiko,

Marahaba. Goti lipo. Cherehani ipo.

Mtaa mzima unajua binti yangu yuko bima. Sasa niwaambie kaenda kusomea kumenya viazi? Kila mtu anapika. Hata mimi napika, wala sina cheti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na goti langu moja linaitosha familia hii.

Baba yako

2 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Hukujibu barua ya Aprili wala ya Mei, nami bado naandika. Ukaidi huu nimeurithi.

Visu nimevizoea, moto nimeuzoea. Tatizo ni kwamba kila nikipika, mwalimu anaonja mara moja na kuweka kijiko chini. Jana aliniuliza mbele ya wote, "Binti, unampikia mgonjwa gani?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, maana mgonjwa namjua. Daktari alipomkataza Mama chumvi kwa ajili ya presha, sote tuliiacha ili asijione peke yake mezani. Nimekulia hapo. Kwangu chakula kisicho na chumvi ndicho kitamu, na nikitia kama wenzangu naona nimeharibu sufuria. Mwisho wa Julai kuna mtihani wa jikoni. Nikikosea tena, narudishwa nyumbani. Naogopa, Baba.

Mwanao,
Kijiko

15 Juni

Mwanangu Kijiko,

Marahaba. U mzima? Barua yako niliisoma nikiwa kazini, nikashona mkono wa shati shingoni.

Mama yako alitutoka siku nyingi, nami bado napika vilevile. Jirani yetu fundi viatu, kila nikimkaribisha, husema ameshiba. Leo nimejua sababu.

Upishi siujui, kushona najua. Mimi mwembamba kama sindano, na maisha yangu yote nimewashonea wenye vitambi. Ningekata kitambaa kwa kujipima mwenyewe, tungelala njaa. Hupimwa mvaaji. Basi uache ulimi wako upumzike. Wape watu waonje, uwatazame nyuso.

Na usiuchukie ulimi huo. Tuliufunza hivyo kwa kumpenda mama yako.

Baba yako

3 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za goti?

Nilimwonjesha mlinzi wa getini na mama anayeosha vyombo. Yule mlinzi alisema "bado" mpaka nikamwogopa. Mwishowe nikajua kipimo changu: natia hadi ulimi wangu unung'unike, kisha naongeza kidogo. Siku ya mtihani nilitia hivyo hivyo. Mwalimu alionja, akaonja tena, akavuta kiti na kumaliza sahani. Nimefaulu, Baba.

Nakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nataka kukupikia, ila sijui nikupikie vipi, kwa chumvi au kama zamani. Sitaki kukosea katika nyumba ya Mama.

Mwanao,
Kijiko

12 Agosti

Mwanangu mpishi,

Marahaba. Goti limepoa.

Mtaa mzima sasa unajua binti yangu ni mpishi. Fundi viatu amesema Jumamosi hiyo atakuja na njaa.

Leo nilikwenda kununua chumvi. Muuza duka aliniangalia kama mgeni. Nimeiweka mezani, upande aliokuwa akikaa mama yako, nikamweleza. Nililia kidogo, sikufichi.

Wapikie wageni unavyojua. Lakini utenge bakuli moja dogo lisilotiwa chumvi, tulile mimi na wewe kabla hawajafika.

Baba yako