Saa Moja na Kitu Kutoka Marsabit

Mama,

Wamekuzika bila mimi, na sasa wanataka niombe msamaha. Jumapili hii nisimame mbele ya kanisa lote la Kimulot, nikiri kwamba nilikudharau. Sikiri.

Sikiliza ilivyokuwa. Maziko yalipangwa Jumamosi, na mimi nilikuwa nimekata tiketi ya basi ya Alhamisi kutoka Marsabit ninakofundisha. Jumatano jioni shemeji yako Wesley, huyu Baba Mdogo wetu anayejua kila kitu, akanipigia. Maziko yamesogezwa, ni kesho saa nne asubuhi, maana mheshimiwa mbunge ana nafasi kesho tu. Nikamwambia sitafika. Akacheka. "Na wewe ni mwalimu! Nimeangalia kwa simu. Uwanja wa ndege wa Marsabit mpaka wa Kericho ni saa moja na kitu. Si upande ya asubuhi?"

Ya asubuhi ipi, Mama? Hakuna ndege ya abiria itokayo huko kuja huku. Ukurasa aliousoma unachora mstari kati ya viwanja viwili, unaugawanya kwa mwendo wa ndege, unatoa jibu. Hauulizi kama ndege ipo. Ni hesabu sahihi ya safari ambayo hakuna mtu amewahi kuisafiri, na nchi hii inapenda sana hesabu za namna hiyo. Nilimweleza. Alikata simu, akawatangazia wazee kwamba nakuja na ndege.

Saa nne wakaniita mimi, mtoto wako wa kwanza, nitoe neno. Mdogo wangu Chebet ameniambia Wesley alinyakua maikrofoni akasema, "Labda bado ako hewani!" Watu wakacheka, Mama. Kando ya jeneza lako. Saa hiyo nilikuwa karibu na Isiolo, juu ya lori la mbuzi lililotangulia basi, nimelikumbatia shati langu jeusi lisichafuke.

Kila likizo ulikuwa ukiniambia, "Ukifika Kericho mjini nipigie, niweke maji ya ugali motoni." Hukuwahi kuniuliza kwa nini nimechelewa. Siku hiyo nikashuka Kericho, mkono wenyewe ukaenda mfukoni, nikatafuta jina lako kwenye simu, nika...

Basi.

Nilifika jioni. Hema zilikuwa zimekunjwa na simiti ya kaburi bado mbichi. Wesley alikuwa anakula. Hakusimama kunisalimia.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumapili nitaketi benchi la mbele. Wakiniita kuomba msamaha, nitatoa neno la mtoto wa kwanza, lote, jinsi nilivyolipanga juu ya lile lori. Nitawaambia wewe ulikuwa nani, na nitawaambia nani aliharakisha kukufukia ili mheshimiwa asichelewe. Wakizima maikrofoni, sauti niliyorithi kwako inafika barabarani.

Lala, Mama. Usiniombee upole wiki hii.

Mwanao,
Kibet